Mwili Wote Unauma: Tupumzike au Tufanye Kazi?

Huenda kijijini kwako yuko mtu, mara nyingi mama, anayelalamika kwamba mwili wote unamwuma: shingo, mabega, mgongo, mapaja. Hulala usiku kucha na kuamka amechoka kama aliyekesha. Amepimwa, hana malaria wala upungufu wa damu. Amepigwa picha hospitali, mifupa ni mizima. Nyumbani wameanza kumwita mvivu.

Si mvivu. Huenda ana ugonjwa uitwao fibromialjia. Ugonjwa huu hauharibu mifupa wala viungo. Kasoro iko katika namna ubongo na mishipa ya fahamu inavyopokea habari za maumivu. Ni kama redio iliyofunguliwa sauti mno: hata mnong'ono unasikika kama kelele.

Je, apumzike au afanye kazi? Hapa ndipo wengi hukosea. Mfikirie mama huyo siku aliyoamka na nafuu. Anasema, leo nitamaliza yote. Analima mpaka jua kali, anachota maji ndoo nne, jioni anatwanga. Kesho yake hainuki, na keshokutwa pia. Akipata nafuu anakimbilia kufidia kazi zilizolala, anaanguka tena. Siku za kulala nazo hudhoofisha misuli, na misuli dhaifu huchoka upesi zaidi. Mwisho anaiogopa kila kazi.

Wataalamu wa magonjwa ya viungo wa Ulaya walipotoa mwongozo wao mwaka 2016, mazoezi ya mwili ndiyo peke yake waliyoyasisitiza kwa nguvu kuliko dawa zote. Lakini mazoezi hayo huanza chini sana. Aanze na kiasi anachokiweza hata siku mbaya. Kama dakika 10 za kutembea hazimwangushi kesho yake, aanze na 5. Akae hapo wiki moja au mbili, ndipo aongeze dakika moja au mbili. Siku mbaya apunguze, asiache kabisa. Siku njema asizidishe, na hilo ndilo gumu kuliko yote!

Maumivu kuongezeka kidogo mwanzoni hakuonyeshi kwamba ameumia. Yakidumu mpaka siku ya pili au ya tatu, arudi nyuma hatua moja. Polepole afikie dakika 20 au 30, mara 2 au 3 kwa wiki. Asitegemee nafuu kwa wiki moja, huchukua miezi.

Utauliza: mbona mimi nalima kila siku, hayo si mazoezi? Ni kazi ya nguvu, lakini shamba halikupimii. Mvua ikinyesha, palizi haingoji. Kwa hiyo ipime wewe. Lima mistari michache, ukae kivulini kabla hujachoka, si baada ya kuchoka. Beba ndoo ndogo mara mbili badala ya kubwa mara moja. Baba na watoto wakubwa wachukue ndoo zilizobaki, bila kungoja kuombwa.

Ukiona kiungo kimevimba, homa, kukonda au ganzi ya mguu, usiseme ni fibromialjia. Nenda zahanati upesi. Vilevile mtu ambaye hata juhudi ndogo humlaza siku nyingi asijilazimishe kuongeza dakika. Huenda ugonjwa wake ni mwingine, na amwone daktari kwanza.