Kubadilisha Mtungi wa Gesi kwa Usalama

Nyumba nyingi za Likoni, Kisauni na Changamwe hupikia mtungi wa kilo 6, mara nyingine katika chumba cha kulala. Gesi hii ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutuama sakafuni, na cheche ndogo yatosha kuiwasha.

Kuunganisha
1. Zima moto wote ulio karibu, hata jiko la makaa la jirani. Fungua mlango na dirisha.
2. Simamisha mtungi wima. Kagua mpira mdogo ulio mdomoni; ukiwa umepasuka au haupo, rudisha mtungi dukani.
3. Funga kifungio cha kichomeo, kisha kaza kichomeo kwa mkono, bila spana.
4. Paka povu la sabuni kwenye kiungo kabla ya kuwasha. Likitoa viputo, gesi inavuja: toa kichomeo, peleka mtungi nje. Usipime kwa kiberiti kamwe.

Kutenganisha
Funga kifungio, ngoja moto uzime na kichomeo kipoe, ndipo ukifungue. Mtungi ulioisha bado una mabaki ya gesi; usiusogeze karibu na moto.

Ukisikia harufu ya gesi usiku, usiguse swichi ya taa, hata kwa kuzima. Toa watoto, acha mlango wazi, na upige 999 ukiwa nje.