Simu mkononi mwa mtoto: Ni chombo cha kubuni au cha kumnyamazisha?

Ukipita soko la Tala siku ya soko utaona jambo ambalo miaka 20 iliyopita halikuwako. Nyuma ya mafungu ya nyanya na sukumawiki, mtoto ameketi juu ya gunia, macho yameganda kwenye simu ya mamake. Halii, hasumbui, wala haulizi lolote. Wapita njia husema ametulia. Mimi kama daktari huingiwa na wasiwasi.

Miezi kadhaa iliyopita, mama mmoja anayeuza mboga aliniletea mwanawe wa miaka 3. Mtoto huyo alijua kufungua simu, kutafuta vibonzo na kuruka matangazo. Lakini maneno aliyoweza kutamka hayakufika 10. Nilipompa karatasi na penseli, aliiacha penseli akatelezesha kidole juu ya karatasi, kisha akangoja ibadilike.

Nilimshauri mama amnyime simu. Akanitazama, akasema: "Daktari, nikimnyang'anya simu, ni nani atakayemshika nikiwa nauza?" Sikuwa na jibu. Ushauri wangu ulikuwa rahisi kwa mtu aliyeketi kwenye kiti cha ofisi. Somo la leo ndilo jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Ubunifu ni nini?

Ubunifu si kipawa cha wachoraji na waimbaji pekee. Ni uwezo wa mtoto kuchukua kitu anachokijua na kukifanya kingine. Gunzi la hindi huwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Mkebe na waya huwa matatu ya kwenda Nairobi. Anapofanya hivyo, mtoto anafikiri, anapanga na kutafuta maneno.

Ubongo hukua kwa kasi kubwa katika miaka ya kwanza ya maisha, na hujengwa kwa mazungumzo ya kupokezana: mtoto anaonyesha kitu, wewe unajibu, naye anaongeza lake. Video inayocheza yenyewe haingoji jibu la mtoto. Ndiyo sababu wachunguzi wamegundua kwamba watoto wa chini ya miaka 2 hujifunza machache kutoka kwa video kuliko kutoka kwa mtu aliye mbele yao.

Hata hivyo, sisemi simu itupwe. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini Kenya mwaka wa 2019, unataja ubunifu na ujuzi wa kidijitali miongoni mwa mambo 7 ya msingi ambayo kila mtoto anapaswa kuyapata, kuanzia chekechea. Vishikwambi ambavyo serikali ilianza kugawa mwaka wa 2016 vililenga wanafunzi wa darasa la kwanza. Chekechea ziko chini ya serikali za kaunti, na huenda mwalimu wa huko asiwe na kifaa kingine ila simu yake. Simu moja inatosha, mradi mtoto awe mtendaji wala si mtazamaji tu.

Kipimo chake

Kama dawa, simu ina kipimo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mwaka wa 2019. Mtoto aliye chini ya miaka 2 asiketishwe mbele ya skrini. Wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Watoto wa mwaka 1 hadi 4 wanahitaji dakika 180 za kuchezesha mwili kila siku. Wa miaka 3 na 4 wanahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13, pamoja na ule wa mchana.

Mazoezi matatu ya simu moja

Kwanza, picha. Mwambie mtoto atafute vitu 5 vya mviringo, au vyekundu, avipige picha mwenyewe. Usijali zikiwa zimepinda. Zitazameni pamoja dakika chache, mwulize: "Hiki kinafanana na nini?" Kisha weka simu mfukoni, achore alichokiona kwa makaa, chaki au kijiti mchangani. Sokoni, kazi hii yaweza kufanywa wakati hakuna wateja, na kule kuchora kutamshughulisha wanaporudi.

Pili, sauti. Rekodi jogoo, mvua juu ya mabati, au nyanya yake akisimulia hadithi kwa Kikamba. Mtoto asikilize, aige sauti, halafu abuni mwisho mwingine wa hadithi, nawe urekodi wake. Watoto hufurahi sana kujisikia wenyewe. Lugha ya nyumbani haimchelewi mtoto, bali humjengea msingi wa kujifunza nyingine.

Tatu, kipindi chenye mwisho. Chagua kipindi kilichotungwa kwa umri wake, kama vile Akili and Me cha Tanzania. Tazameni pamoja kimoja tu, kizime, umwulize: "Wewe ungefanyaje?" Mpe udongo, vifuniko vya chupa na masanduku matupu aunde anachotaka. Usimwundie.

Mwalimu, darasa likiwa na watoto wengi, wagawe katika vikundi. Kikundi kimoja kitumie simu huku wengine wakifinyanga na kuimba, kisha wabadilishane. Usisambaze picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inamlinda mtoto pia.

Tahadhari

Usimlishe mtoto akitazama simu, maana hatajua ameshiba lini. Izime saa moja kabla ya kulala. Mruhusu acheze nje mchana, kwani mwanga wa nje husaidia kuzuia tatizo la kutoona mbali. Jihadhari na vitu vya kuchezea vyenye betri ndogo bapa kama kitufe. Mtoto akiimeza, inaweza kuunguza umio kwa muda wa saa 2. Mkimbize hospitalini mara moja, wala usimtapishe.

Mpeleke kliniki mtoto asiyeonyesha kitu kwa kidole wala kubwabwaja akitimiza mwaka 1, asiyetamka neno akiwa na miezi 16, au asiyeunganisha maneno mawili akiwa na miaka 2. Usingoje ukidhani ni simu tu. Huenda hasikii vizuri, au ana tatizo jingine linalohitaji msaada mapema.

Yule mtoto wa sokoni tulimpima masikio kwanza, yakawa mazima. Tukampeleka kwa mtaalamu wa usemi, naye mama akaanza mazoezi haya kati ya mteja na mteja. Walirudi baada ya miezi 3. Maneno yameongezeka, ingawa bado yuko nyuma ya wenzake na matibabu yanaendelea. Alinionyesha picha aliyopiga mwenyewe, yenye ukungu, ya fungu la vitunguu. Nikamwuliza ni nini.

"Mlima," akasema.

Mama alitaka kumsahihisha. Nikamwomba amwache.

Mzazi, leo jioni kabla ya kumpa mtoto simu, jiulize: atatengeneza nini kwayo, na ni nani atakayeketi naye? Kama huna jibu, mpe mkebe na udongo. Hadi wiki ijayo, nakutakia afya njema.