Kuondoa Madoa ya Damu kwenye Nguo za Kazi

Mwongozo huu unawahusu wanaofua nguo zenye damu kwa sababu ya kazi: wauza nyama, wahudumu wa zahanati na nyumba za wageni, na madobi. Kanuni kuu ni moja: doa la damu lisipate joto mpaka litoke kabisa. Damu imejaa protini, na protini ikipata moto huganda, kama ute wa yai kikaangoni. Ikishaganda ndani ya nyuzi, kuitoa ni kazi ngumu. Kwa hiyo maji ya moto, pasi, na hata kuanika juani nguo ambayo bado ina doa, vyote viepukwe.

Kabla ya kugusa chochote, vaa glavu nzito za mpira. Damu usiyoijua ni ya nani ichukuliwe kuwa ina maambukizi, hata ikiwa imekauka. Virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Usikung'ute shuka, na kagua mifuko kwanza: wembe na sindano huonekana humo mara nyingi kuliko inavyodhaniwa.

Doa likiwa bichi, geuza nguo ndani nje na umwagie maji baridi upande wa nyuma wa doa, ili damu isukumwe kurudi ilikoingilia. Badilisha maji ya beseni kila yanapokuwa mekundu. Kisha paka sabuni ya mche, iache kama robo saa, fikicha taratibu na usuuze. Koti la bucha lina utata wake, kwa kuwa damu huja pamoja na mafuta ya nyama, na mafuta yanataka maji ya moto. Anza na damu. Ikishatoka yote, ndipo uchemshe maji kwa ajili ya mafuta.

Doa lililokauka likwanguliwe kwa kijiko, kisha nguo ilale kwenye maji baridi yenye chumvi usiku kucha. Likigoma, tumia sabuni ya unga yenye vimeng'enya (soma pakiti), ambavyo hukatakata protini. Hapo maji ya uvuguvugu yanaruhusiwa. Hariri na sufu zisifuliwe kwa sabuni hiyo, kwani nyuzi zake zenyewe ni protini.

Kwa pamba nyeupe, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa ni msaada mkubwa. Dondoshea matone machache: povu jeupe litafumka papo hapo, kwa sababu kimeng'enya kilichomo kwenye damu hupasua dawa hiyo kuwa maji na oksijeni. Povu likitulia, futa kwa kitambaa safi na urudie. Dawa hii hupausha rangi, hivyo khanga au kitenge ijaribiwe kwanza kwenye pindo la ndani.

Wengi hukimbilia Jik, dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Ninashauri isitangulie. Damu ina madini ya chuma, na klorini ikikutana nayo huweza kuacha doa la njano au la kahawia ambalo ni baya kuliko la mwanzo. Zahanati ina sababu nyingine ya kuitumia, yaani kuua vijidudu, lakini hata huko damu isuuzwe kwanza, maana hupunguza nguvu ya klorini. Vipimo vya kuchanganya vifuate utaratibu wa kituo. Kamwe usiichanganye na siki wala dawa ya choo yenye asidi. Hewa inayotoka ni sumu.

Godoro la sponji halilowekwi. Gandamiza doa kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji baridi ya chumvi na kukamuliwa, ukigeuzia upande safi kila mara. Ukisugua, damu huzama zaidi.

Dobi anayepokea nguo yenye damu amuulize mteja mapema: imeshapigwa pasi, au imeshapitishwa kwenye maji ya moto? Jibu likiwa ndiyo, amweleze kabla ya kukubaliana bei kwamba doa huenda lisitoke lote, na aandike hivyo kwenye risiti.