Madoa kwenye bafu la plastiki

*Tumenunua gari la kulala safarini, lililotumika. Sinki na sakafu ya bafu, zote za plastiki, zina utando mweupe na madoa ya njano. Nisugue kwa waya wa sufuria?*
*Mama Wawili, Uingereza*

Usithubutu, dada. Plastiki ni laini. Kila mkwaruzo hugeuka maficho ya uchafu.

Utando mweupe ni chokaa ya maji. Lowesha kitambaa kwa siki na maji, nusu kwa nusu, kilaze juu yake dakika 15, kisha suuza. Madoa ya njano yasugue taratibu kwa bekingi soda iliyokorogwa kama uji mzito. Kamwe usichanganye siki na jiki: hutoa hewa ya sumu.

Unjano usipotoka, huenda plastiki yenyewe imezeeka kwa jua, haina madhara. Ukiona ufa, au sakafu ikibonyea, mwite fundi mapema.