Kwa Nini Kitenge Hiki Ni cha Uongo?

Wilaya za Karagwe na Kyerwa zimo upande wa magharibi wa Mkoa wa Kagera. Hapo kwanza zilikuwa wilaya moja, zikagawanywa mwaka 2012. Msafiri akitoka Kayanga kwenda kaskazini, mwishowe hufika Murongo, na ng'ambo ya mto Kagera ni nchi ya Uganda. Kwa kuwa nchi hii iko mpakani, nguo za mbali huingia kwa njia nyingi, na siku ya gulio hutundikwa pamoja, nzuri na mbaya, wala si rahisi kuzitenga kwa kuzitazama mara moja.

Biashara ya nguo si jambo jipya huko. Mwaka 1861, Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe, wafanyi biashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuijua njia hiyo. Nguo iliyosifiwa siku zile ilikuwa merikani, nguo ya pamba nzito iliyoletwa Unguja na merikebu za Marekani, na ndiyo asili ya jina lake. Basi mwaka ule ule vita vikazuka Marekani, wenyewe kwa wenyewe, vikadumu hata 1865, na pamba ikaadimika. Viwanda vya Uingereza na vya Bombay vikafuma nguo kwa mfano wa ile, na watu wakazidi kuiita merikani ijapokuwa haikutoka Marekani tena.

Je, nguo ya Bombay ilikuwa ya uongo? Hapo yataka kupambanua. Mtu akifuma nguo kama ya mwenzake, akaiuza kwa jina lake mwenyewe, ameiga tu, naye hakumdhulumu mtu. Lakini akiipiga muhuri wa mwenzake, amedanganya.

Siku hizi nguo inayotamaniwa ni kitenge cha Kiholanzi, hasa kile cha kiwanda cha Vlisco, kilichoanzishwa katika mji wa Helmond mwaka 1846. Waholanzi nao waliiga, maana ustadi huo waliupata kwa watu wa Java, watengenezao batiki. Kitambaa huchapwa kwa utomvu ulioyeyushwa, pande zote mbili, kisha hutiwa katika rangi ya nili. Penye utomvu rangi haiingii. Lakini utomvu ule hupasuka-pasuka, na rangi hupenya katika nyufa, ikaacha mistari myembamba kama mishipa ya jani. Kwa sababu hiyo hakuna vipande viwili vyenye mistari iliyo sawasawa kabisa. Baadaye rangi nyingine huongezwa, na kazi yote huchukua siku nyingi. Ndiyo maana bei yake ni kubwa, na ndiyo maana wako watu wanaotengeneza nguo hafifu na kuitia jina la kiwanda hicho.

Mathalani, mshoni mmoja wa Nkwenda alitoa akiba yake ya miezi mingi kununua yadi sita, akiambiwa ni Kiholanzi halisi. Akaitundika dukani. Mteja wa kwanza akaigusa, akacheka, akasema, "Bandia hii," akaenda zake. Mteja wa pili akasema neno lile lile. Kwa muda wa juma moja habari ikaenea kwamba mshoni yule ni mwongo, naye hakujua hata alilolikosa. Aliitazama nguo yake kila jioni, akaona rangi zake ni nzuri, na maandishi ya kiwanda yamo pindoni.

Mwishowe akampelekea mzee mmoja, fundi cherehani wa Omurushaka. Akamwamkia, akasema, "Shikamoo, baba. Watu wanasema nguo hii ni ya uongo, wala hawaniambii kwa nini."

"Marahaba, mwanangu. Ipindue. Upande wa ndani unauonaje?"

"Umepauka."

"Kiholanzi hakina ndani wala nje. Haya, tazama mistari hii ya nyufa, kisha pima shibiri tatu, utazame tena."

Yule mwanamke akapima, akaona nyufa zile zile zimerudi, kila mstari mahali pake, kama ua lililochapwa. Akafahamu kwamba hapakuwa na utomvu uliopasuka, bali picha ya nyufa iliyochorwa na mashine. Tangu siku ile hakuweza kudanganywa kwa njia hiyo tena. Neno moja "bandia" lilikuwa limemwaibisha bila kumfundisha kitu.

Walakini wako wenye busara wasemao kwamba haifai kueleza sababu zote, kwa kuwa mlaghai naye ana masikio. Hofu hiyo si ya bure. Hapo watu walipofundishwa kutazama maandishi ya pindoni, walaghai waliyachapa maandishi yale yale, na ishara ikapoteza nguvu.

Wenye kutengeneza fedha wamelifikiri jambo hili zaidi ya wafanyi biashara wa nguo. Benki kuu hutangaza baadhi ya ishara za noti kwa watu wote: picha ya kivuli inayoonekana noti ikiinuliwa mwangani, uzi uliomo ndani ya karatasi, wino unaoparuza kidole. Ishara nyingine hujulikana na makarani wenye vyombo, na nyingine huwekwa siri kabisa. Zile zinazotangazwa huchaguliwa kwa sababu hata akizijua, mlaghai hupata taabu kuziiga. Herufi iliyokosewa katika muhuri yeye huisahihisha kwa siku moja. Lakini kuupasua utomvu pande mbili za nguo kutamgharimu karibu sawa na kutengeneza nguo ya kweli. Basi yule mzee hakuharibu kitu kwa kunena wazi.

Tena alinena na mwenye nguo peke yake, wala hakupaza sauti sokoni. Asemaye "bandia" mbele ya watu bila kutoa sababu huenda akawa mshindani tu, atakaye kumharibia mwenziwe jina.

Mshoni akauliza kama angeweza kuiuza nguo ile kwa bei ndogo, akimweleza kila mnunuzi ukweli. Mzee akakataa. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 yakataza kuuza kitu chenye alama ya uongo, na yakataza kwa haki, kwa maana muuzaji humweleza mnunuzi wa kwanza tu. Nguo ikitoka hapo ikafika kwa wa pili na wa tatu, maneno ya muuzaji hayapo tena, na muhuri wa pindoni ungali ukisema uongo wake.

Akaikunja, akarudi nayo Nkwenda, akaishona mapazia ya nyumba yake.