AFYA YETU: Nyumba Salama kwa Mtoto Mdogo



Mwezi huu tunazungumza juu ya ajali zinazowapata watoto wadogo, si barabarani, bali ndani ya nyumba zetu wenyewe. Sisi tunaohudumu katika wodi ya watoto tunawapokea mara kwa mara: huyu amemwagikiwa uji wa moto, huyu amekunywa mafuta ya taa, huyu amepaliwa na karanga, huyu ametumbukia katika pipa la maji.

Tunamkumbuka mtoto mmoja wa kiume wa miaka miwili. Jua lilikuwa kali, naye alikuwa na kiu. Chini ya meza aliona chupa ya soda. Ndani yake mlikuwa na mafuta ya taa. Alikunywa funda moja au mawili tu, akaanza kukohoa. Bibi yake, kwa upendo, alimtapisha kwa kidole, kisha akamnywesha maziwa. Mtoto akatapika tena. Walipofika hospitali jioni alikuwa akihema kwa shida, mbavu zikiingia ndani. Siku ya tatu aliaga dunia.

Bibi alituuliza, "Wanangu, nilikosea wapi?" Swali hilo halijatutoka moyoni. Bibi alifanya kama alivyofundishwa na wakubwa wake. Hakuna aliyekuwa amemwambia vinginevyo, wala sisi. Ndiyo sababu ya somo hili.

Tusimwachie malaika kazi yetu

Ajali ikitokea husikika maneno haya: "Ni mapenzi ya Mungu," au "Watoto wana malaika wao." Ni kweli, Kanisa linatufundisha juu ya malaika walinzi, na kila tarehe 2 Oktoba tunawakumbuka. Lakini kufunika pipa na kuhamisha chupa ni kazi ambayo Mungu ametupa sisi wazazi, kwa kuwa ametupa mikono na akili.

Mtoto hagusi vitu kwa ukaidi. Anajifunza dunia kwa mikono na mdomo. Akiwa na miezi minne au mitano anaanza kushika kitu na kukitia mdomoni. Kabla ya mwaka anatambaa. Akitimiza miaka miwili anapanda juu ya kiti. Jambo ambalo jana hakuliweza, leo analiweza. Kumwambia "Usiguse!" hakutoshi, maana bado hajui hatari ni nini. Inatupasa kuibadili nyumba.

Tumezoea kupiga magoti kwa ajili ya sala. Leo tupige magoti kwa ajili ya ukaguzi. Baba na mama wapite kwa magoti chumba hadi chumba, na jikoni, na uani. Kila kitu ambacho mkono unakifikia kutoka hapo chini, mtoto naye atakifikia.

1. Sumu

Siku hizi nyumba nyingi zina umeme au taa za sola, lakini mafuta ya taa bado yapo, na petroli ya pikipiki, dawa ya panya, dawa ya kuogeshea mifugo, dawa ya mimea, na kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Tusiviweke kamwe katika chupa ya soda, ya maji wala ya juisi. Mtoto hasomi maandishi. Yeye anaijua chupa. Vikae katika vyombo vyake, juu kabisa, ndani ya sanduku au kabati lenye kufuli.

Hata dawa za hospitali zifungiwe. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa mama mjamzito vinafanana na peremende, navyo vikimezwa vingi vinaweza kumuua mtoto. Vilevile tuangalie betri ndogo za duara, mfano wa kifungo cha shati, zilizomo katika rimoti na vitu vya kuchezea. Ikikwama kooni huunguza ndani kwa muda wa saa chache tu. Mtoto apelekwe hospitali hapo hapo.

Mtoto akinywa mafuta ya taa au petroli: asitapishwe, asipewe maziwa wala mafuta ya kula. Hatari kubwa haiko tumboni, iko mapafuni. Akitapika, mafuta hupita tena kooni na huweza kuingia katika mapafu. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi, mkimbizeni hospitali hata kama anaonekana mzima, kwa sababu dalili huweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Sumu za namna nyingine pia msimtapishe. Njooni na chupa au pakiti yenyewe, tujue ni nini alichokunywa.

2. Moto

Mafiga na jiko la mkaa vizungushiwe uzio mdogo wa fito au matofali, mtoto asipite. Mikono ya sufuria ielekezwe upande wa ndani. Chupa ya chai na sufuria ya uji visikae sakafuni, wala juu ya kitambaa cha meza ambacho mtoto anaweza kukivuta. Tusipakate mtoto huku tukinywa chai ya moto. Tunapochanganya maji ya kuoga, tutangulize ya baridi, kisha tuongeze ya moto.

Mtoto akiungua: mwondoeni kwenye moto, mmwagilieni maji safi ya baridi ya kawaida, si barafu, kwa dakika 20. Vueni nguo na shanga au bangili mapema, kabla hajavimba. Nguo iliyogandamana na kidonda iacheni. Funikeni kwa kitambaa safi, na sehemu nyingine za mwili zifunikwe asipate baridi. Msipake dawa ya meno, mayai, asali, majivu wala mafuta. Vitu hivyo huleta uchafu katika kidonda na kutuchelewesha kumhudumia.

3. Maji

Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kikilinganishwa na mwili wake. Akiinama ndani ya ndoo huweza kutumbukia asiweze kujiinua, na maji ya kina cha sentimita chache yanatosha kumziba pumzi. Tena huzama kimya, bila kelele. Ndoo na beseni vimwagwe baada ya kufua. Pipa, kisima na tundu la choo viwe na mfuniko mzito. Asiachwe peke yake katika beseni la kuogea hata kwa dakika moja, wala asiachiwe mwenzake wa miaka mitano amlinde.

4. Kupaliwa

Karanga nzima, peremende, mbegu na sarafu si vya mtoto wa chini ya miaka mitano. Karanga zisagwe. Akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, mlazeni kifudifudi juu ya mkono au paja, kichwa kikiwa chini, mpigeni kwa kiganja katikati ya mabega mara tano. Isipotoka, mtoto wa chini ya mwaka mmoja mgeuzeni chali, mbonyezeni katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano. Aliyezidi mwaka mkumbatieni kwa nyuma, mbonyezeni juu ya kitovu kwa ngumi, kuelekea ndani na juu, mara tano. Rudieni, huku mwingine akitafuta usafiri. Msichokoe kooni kwa kidole msipokiona kitu chenyewe.

Neno kwa akina baba

Ajali ikitokea, lawama huangukia mama. Lakini mama yuko kisimani, shambani na jikoni kwa wakati mmoja. Rafu ya juu, komeo, uzio wa jiko na mfuniko wa kisima ni kazi ya msumari na nyundo. Baba, Jumamosi moja inatosha.

Na ajali ikitokea, msifiche kwa aibu, wala msipoteze muda mkitafuta wa kulaumiwa. Njooni upesi, mtueleze ukweli wote. Hatutawagombeza.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Je, katika nyumba zetu mafuta ya taa na dawa za sumu zinakaa wapi leo?
2. Ni mambo gani tuliyofundishwa kufanya mtoto akiungua au akinywa sumu, ambayo sasa tuyaache?
3. Ni kisima au shimo gani la jirani ambalo Jumuiya yetu inaweza kusaidia kulifunika mwezi huu?

Tukiitimiza kazi yetu, na malaika walinzi wawaombee watoto wetu. Mungu awabariki.