Kununua Drili ya Mezani: Mwongozo kwa Fundi Mwenye Karakana ya Nyumbani

Mwongozo huu ni wa seremala au mchomeleaji anayefanyia kazi nyumbani, ambaye drili ya mkono haimtoshi tena: matundu yanakwenda upande, bolti hazikutani. Drili ya mezani huondoa kero hiyo, mradi mnunuzi asichague kwa ukubwa wa mota peke yake.

Muuzaji atakutajia mwendo wa juu kabisa. Wewe uliza wa chini. Biti ya kawaida ya mm 6 ikitoboa chuma laini huhitaji takriban mizunguko 1,300 kwa dakika, na ya mm 12 karibu 650. Kipenyo kikiongezeka maradufu, mwendo hupungua nusu. Mashine nyingi ndogo za kasi tano huanzia mizunguko 500 na ushei. Kwa anayetoboa ango na fletibaa kwa biti zisizozidi mm 12, hiyo yatosha. Anayetaka kukata matundu ya mm 50 kwenye chuma kwa msumeno wa duara ataunguza meno ya msumeno huo mapema, na ni afadhali aongeze fedha apate mashine yenye puli tatu, inayoshuka hadi 250 au chini yake. Mwendo hubadilishwa kwa kuhamisha mkanda kwenye puli, basi fungua kifuniko ujaribu mwenyewe. Mkanda ukiwa na taabu kuhama, fundi huacha kuuhamisha na kutobolea kila kitu kwa mwendo mmoja.

Kipimo cha inchi nacho huwapotosha wengi. Mashine inayoitwa ya inchi 10 hutoboa inchi 5 tu kutoka ukingo wa ubao, kwa sababu umbali kati ya nguzo na biti huhesabiwa mara mbili. Pima pia biti inashuka kiasi gani: mm 50 haivuki ubao wa mninga wa inchi mbili kamili kwa mkupuo mmoja.

Dukani, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji jijini Nairobi, usilipe kabla ya kuigusa mashine. Shusha mkono hadi mwisho, shika taya za kubania biti, kisha zitikise kushoto na kulia. Zikicheza wazi, tundu halitakuwa la duara hata ukinunua biti ghali. Halafu chukua kipande cha waya mgumu, kikunje, ukibane kwenye taya ili ncha yake iguse meza pembeni. Zungusha kwa mkono, umeme ukiwa umezimwa. Ncha ikikwaruza upande mmoja na kuelea upande wa pili, meza haiko sawa na biti. Hilo hurekebishika kwa kulegeza bolti ya meza ikiwa imeinama kushoto au kulia. Ikiwa imeinama mbele, acha mashine hiyo. Mwisho iwashe, usikilize beringi.

Mashine ya mtumba iliyotoka kiwandani mara nyingi ni imara kuliko mpya ya bei rahisi, nami ningeitazama kwanza. Ila soma kibao cha mota. Ya fezi tatu haitawaka kwenye umeme wa kawaida wa nyumbani, na ya volti 120 kutoka Marekani itahitaji transfoma, tena itazunguka polepole zaidi, kwani kule umeme ni wa hezi 60 na huku ni wa 50.

Tenga fedha za jiliwa na klampu siku hiyohiyo. Bati likishikwa kwa mkono, biti hulinasa inapotokea upande wa chini na kulizungusha kama panga. Funga kitako cha mashine kwenye meza kwa bolti. Glavu na mikono mirefu ya shati havikaribii biti inayozunguka, nywele na mitandio hufungwa, miwani ya kinga huvaliwa, na ufunguo wa taya hutolewa kabla kidole hakijafika kwenye swichi.